Zuhura Juu ya Paa la Tembe

Jumamosi mlinijia watatu na karatasi yenye picha za darubini nne, mkaniuliza, "Bibi, klabu yetu inunue ipi?" Shikamoo mlinipa vizuri, kwa hilo nawapongeza. Lakini nilipouliza mnataka kuona nini, mmoja wenu akajibu, "Kila kitu." Nikawaambia nendeni nyumbani, nitawaandikia. Msidhani niliwafukuza. Swali lenu linagusa jambo ambalo kila nikianza kulisimulia huwa naishia katikati, na safari hii nataka nifike mwisho.

Haya. Nilikuwa mtunza kituo cha hali ya hewa kwenye shamba la ngano la serikali, kule uwanda wa Hanang, upande wa Balangdalalu. Watu wakisikia shamba la ngano wanakumbuka kombaini, na madereva waliotembea kifua mbele kama vile wao ndio walioumba ngano. Sisi wa kituo hakuna aliyetukumbuka mpaka mvua ikatae. Kilikuwa kiwanja kidogo chenye uzio wa waya na nyasi zilizofyekwa. Ndani kulikuwa na kipimamvua, kijumba cheupe cha mbao ambamo vipimajoto vinakaa, na sinia kubwa la bati lenye maji, la kupimia kiasi kinachokauka kwa jua na upepo. Kulikuwa pia na mpira wa kioo unaokusanya jua na kuchoma mstari kwenye kadi, ili tujue jua limewaka saa ngapi. Saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, Krismasi na Pasaka, nasoma vipimo na kuandika daftarini.

Kazi hiyo nilifundishwa na Bwana Sanga, mtu wa Njombe, mfupi, wa koti moja la kaki na maneno ya kuhesabika. Siku ya kwanza alinipa kalamu akasema, "Martina, andika ulichoona. Ulichotaka kuona, kamwandikie mchumba wako."

Nilidhani ni mzaha. Mwezi wa pili nikakuta sinia limepungua maji nusu nzima kwa usiku mmoja. Loo! Nikataka kuandika tarakimu ya jana, nani atajua? Kisha nikaona kwato kwenye tope. Mfugaji mmoja wa hapo jirani, mzee Gidabuday, ng'ombe wake alikuwa ameangusha nguzo ya uzio akanywa akatosheka. Nilipomfuata kwa ukali, mzee aliniangalia kwa upole akasema, "Binti, hapa ng'ombe wangu walikunywa kabla hujazaliwa. Mmeweka maji chini, wazi. Ng'ombe hasomi." Nikarudi nikaandika daftarini: "Sinia: ng'ombe amekunywa." Meneja alicheka mpaka akakohoa, lakini Bwana Sanga hakucheka. Alisema, "Sasa umekuwa mpimaji."

Nawaambia haya ili mjue kwamba nilifundishwa. Nisije kujitetea mbele huko kwamba sikujua.

Darubini ziliingia maishani mwangu hivi. Mtaalamu mmoja wa kigeni alipomaliza mkataba wake alimwachia Bwana Sanga darubini mbili. Moja ilikuwa nyembamba, ndefu, nyeupe, imelala kwenye sanduku la mbao lenye kitambaa chekundu ndani, na ubavuni imeandikwa kwamba inakuza mara mia nne. Nyingine ilikuwa fupi nene kama pipa la maziwa, rangi imebanduka, haina hata sanduku. Hiyo inatumia kioo cha kujitazamia, ila kilichopinda, kimekaa chini kabisa ya bomba.

Jioni, baada ya kazi, Bwana Sanga alikuwa ananionyesha sayari kwa hiyo nene. Mshtarii na vijinyota vyake vinne vimejipanga pembeni. Zohali na pete yake. Siku niliyoiona nilipiga kelele, mlinzi akaja mbio na rungu. Na Zuhura, hii mnayoiita nyota ya jioni. Ni kama mwezi, jamani! Kuna majira ni duara, kuna majira ni nusu, kuna majira ni hilali nyembamba yenye pembe mbili. Bwana Sanga akanieleza kwamba nyota ya jioni na nyota ya alfajiri ni moja. Jioni inakonda, inakonda, inapotea siku chache karibu na jua, halafu inatokea alfajiri ikiwa imekonda vilevile.

Alipopata uhamisho aliniambia, "Chagua moja, nyingine naondoka nayo." Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza; mimi nikashika sanduku. Mara mia nne! Alinitazama kidogo. "Umechagua kitambaa chekundu," akasema. "Basi kioo kidogo cha jicho, hiki cha kuchomeka pale unapotazamia, kinachokuza kwa nguvu ndogo usikiache kamwe. Anza nacho hicho kila siku." Nikaitikia ndiyo, ndiyo, huku nimekumbatia sanduku langu.

Sasa nije nyumbani kwetu, Bashay. Baba alikuwa mzee wa kanisa, mfugaji na mkulima, mtu wa msimamo. Alipiga vita ushirikina, lakini nyota ya jioni na nyota ya alfajiri kwake zilikuwa mbili, na hilo halikuwa la kubishiwa. Moja ilikuwa ya kufungia ng'ombe, nyingine ya kuamkia kukamua. Kwenye mkutano wa vijana kanisani nilisimama nikasema ni moja. Baba alikuwepo. Alisubiri tufike nyumbani. "Nimekusomesha ukanirudia na uongo," akasema. "Tena kanisani humo humo!"

Mwaka huohuo mdogo wangu Paulina alichaguliwa kwenda sekondari. Alikuwa na akili kunishinda, tena mbali. Alikuwa anapiga hesabu za magunia kichwani kabla dereva hajatoa kalamu. Baba akakataa. "Mmoja ametosha. Shule imemfundisha huyu mkubwa kubishana na mbingu."

Nikaomba likizo. Nikafunga darubini yangu kwenye lori la mbegu, nikaenda Bashay, nikapiga magoti mbele ya Baba. "Shikamoo Baba. Nipe jioni moja. Ukiona kwa macho yako kwamba nyota ya jioni ina pembe, utaisubiri hadi itokee alfajiri, utaona pembe zilezile. Kama mimi si mwongo, Paulina aende shule."

Baba alifikiri sana. Mfugaji anamjua ng'ombe kwa pembe zake, hoja hiyo ilimwingia. "Aliyeingia zizini jioni na pembe hizi," alisema polepole, "akitoka asubuhi na pembe hizi, ni yuleyule. Sawa. Nikiona, ataenda."

Paulina alikuwa nyuma ya mlango. Nilimsikia akivuta pumzi.

Hapa sasa ndipo msome taratibu, kwa sababu ndipo yalipo makosa yote ya darubini, na moja lisilo la darubini.

Nyumba yetu ilikuwa tembe ya zamani, imechimbiwa kwenye mteremko, paa lake la udongo ni tambarare, unalipanda kutoka upande wa kilima bila ngazi. Wazee hupenda kukaa pale jioni. Nikasema, wapi pazuri kuliko hapa? Juu, wazi, magharibi yote inaonekana. Baba akawaalika wazee wanne wa majirani wawe mashahidi. Nikasimamisha darubini katikati ya paa, jua limezama, Zuhura inang'aa. Chini yetu, Mama anapika makande ya wageni, moto umekolea.

Mnaona? Mimi, niliyelinda kijumba cha vipimajoto miaka yote ile, niliyeambiwa kwa nini kinakaa juu ya nyasi na mbali na ukuta, kwamba ardhi hunywa jua mchana na kulitoa jioni! Nikaenda kuweka darubini juu ya jiko. Joto lilikuwa linapanda kutoka kwenye udongo na kutoka kwenye tundu la moshi, na kutazama juu ya hewa ya namna ile ni kama kutazama juu ya chungu kinachochemka. Kila mzee akisogeza mguu, nguzo za paa zinanesa, na miguu ya darubini yangu ilikuwa myembamba kama ya korongo. Halafu kile kioo kidogo cha nguvu ndogo nilikuwa nimekiacha kituoni, kwa dharau. Nilikuja na cha mara mia nne tu, ili niwashangaze.

Nikaweka jicho. Nikaona kitu cheupe kinaruka kama popo kwenye mwanga wa taa. Nikakaza. Kikatoka nje ya kioo. Nikakirudisha, kikatetemeka, kikavimba, kikatoka tena. Pembe sikuona. Sikuona chochote. Paulina amesimama kwenye ukingo wa paa ameshika kibuyu cha maziwa, ananitazama usoni.

Nikasema, "Nimeziona. Zipo. Karibu Baba."

Baba akainama na heshima zake zote, akavua kofia. Akakaa muda mrefu. "Naona mwanga unacheza," akasema. "Pembe sioni."

"Tazama vizuri, Baba."

"Natazama, mwanangu. Sioni."

Ningesema nini? Ningesema, Baba, chombo hiki kibovu, nilichagua vibaya, nipe mwezi mmoja nikalete kingine. Maneno hayo yangemaliza kila kitu. Lakini ulimi hauna mfupa. Mbele ya wazee wanne nikamwambia, "Basi ni macho yako, Baba. Macho yamezeeka. Sisi wa vipimo tunajua."

Kwetu mtoto hamwambii mzazi hivyo mbele ya watu. Mzee mmoja akakohoa. Baba akasimama, akavaa kofia, akashuka kutoka kwenye paa taratibu, huku akipapasa kwa mguu mahali alipopita maisha yake yote. Kesho yake asubuhi akasema maneno matatu tu: "Paulina atabaki hapa." Sote tulijua ni hasira. Mimi nilijua hivyo, Mama hivyo, na Paulina hivyo. Nikarudi Hanang na sanduku langu, na sikuandika popote kilichotokea.

Nisipowapa ushauri mliokuja kuutafuta mtasema bibi analia tu. Kwa hiyo sikilizeni. Zile picha zenu nne, ile iliyoandikwa mara mia sita kwa maandishi makubwa, itoeni kwanza. Namba ile ni ya kumnasa mnunuzi. Ulizeni upana wa kioo kikuu, kwa milimita. Darubini haikuzi kwa manufaa zaidi ya mara mbili ya namba hiyo. Yenye upana wa sitini ikikuambia mia sita, inakudanganya. Upana ndio unaokusanya mwanga, na ndio unaokuonyesha pete ya Zohali ikiwa imejitenga na sayari yenyewe.

Pili, miguu. Mkifika dukani, igongeni bomba kwa kidole, kisha mmoja aseme "shikamoo" na mwingine ajibu "marahaba" bila haraka. Kama bado inatetemeka, iacheni hapo hapo, hata kama mwenye duka ni mjomba wenu. Ile yenu ya tatu kwenye picha, fupi, nene, inayokaa kwenye kiti cha mbao chini, isiyo na miguu kabisa, mliyoicheka, hiyo ndiyo ninayowashauri. Itumieni juu ya meza nzito au gogo pana lisiloyumba. Anzeni na kioo cha jicho cha nguvu ndogo kila mara, mkiisha kuipata sayari ndipo mwongeze. Itoeni nje mapema, kioo kipoe sawa na hewa. Wekeni kwenye nyasi, kamwe si kwenye zege, wala karibu na bati, wala shamba lililolimwa leo. Msitazame sayari iliyo chini sana karibu na vumbi. Nyota zikimetameta kupita kiasi, nendeni mkalale, sayari zitakuwa zinachemka. Na Zuhura, subirini jua lizame lote. Ule mpira wetu wa kioo ulikuwa unachoma kadi ngumu kwa jua la asubuhi. Fikirini darubini itafanya nini kwa jicho la mtoto wa mtu.

Mkinunua na ikawa mbaya, semeni ni mbaya.

Miaka ilipita. Paulina aliolewa Masieda. Alikuwa anakuja nyumbani mara moja kwa mwaka, anampa Baba shikamoo ya mlangoni, anaingia kwa Mama jikoni, anaondoka. Baba alianza kutembea na fimbo. Aliacha kusoma Biblia mbele ya kanisa, akawaachia vijana. Jioni hakutoka nje. Nikasema ni uzee, kila mtu anazeeka.

Bwana Sanga alipostaafu alipitia kituoni na lile pipa lake la maziwa. "Mimi macho yananitosha ya kuonea wajukuu," akasema. "Chukua. Sasa nafikiri utaiweza." Zuhura ilikuwa tena jioni, imekonda vizuri. Nikaomba lori, nikaenda Bashay.

Safari hii niliiweka kwenye nyasi, mbali na nyumba, upande wa chini wa zizi, nikaiacha ipoe kabla jua halijazama. Sikualika shahidi. Nilimwomba Baba aje, akaja kwa kuniheshimu tu, nimemshika mkono, anapapasa na fimbo. Nikaweka kioo cha nguvu ndogo. Akainama.

Alikaa ameinama hadi nikadhani amesinzia.

"Ana pembe," akasema. "Zimeangalia chini."

"Kioo kinageuza juu chini, Baba."

"Nyembamba. Kama za mtamba." Hakuondoa jicho. Halafu akauliza, sauti imebadilika, "Haya ni macho yangu yaleyale?"

"Ndiyo, Baba."

"Hayajapelekwa hospitali yoyote."

"Hapana."

Akanyooka akanitazama. "Sasa siku ile?"

Nilikuwa na jibu tayari, nimelibeba miaka yote: darubini ilikuwa mbaya. Lingekuwa kweli nusu. Nikalimeza. "Siku ile hata mimi sikuona kitu, Baba. Nilisema nimeona, nikadanganya. Kisha nikasingizia macho yako ili nisiaibike."

Nilingoja anilaani. Alikaa chini kwenye nyasi, mtu mzima yule, fimbo kwenye mapaja.

"Mimi sikukasirika," akasema. "Mlidhani nimekasirika? Niliogopa. Biblia ilikuwa imeanza kunisumbua herufi ndogo, halafu mtoto wangu mpimaji ananiambia macho yamekwisha. La nyota sikukuamini. La macho nilikuamini kabisa. Nikasema napofuka, na vijana wangu wa kiume wako mbali, nani atanihesabia ng'ombe jioni? Nani atanishika mkono? Ndiyo sababu nilimbakiza Paulina. Nilikuwa nimeshakubali moyoni aende, hata bila pembe."

Jamani. Nililia pale kwenye nyasi kama aliyefiwa, na Baba hakuninyamazisha.

Baadaye akauliza, "Yeye anajua?"

"Hapana, Baba. Anajua ulimnyima."

"Ulimwambia uongo baba yako mbele ya watu wanne. Ukweli kamwambie mdogo wako wewe mwenyewe. Mimi siwezi kujisemea."

Nilimkuta Paulina Masieda, nje ya nyumba yake, anapepeta mahindi, watoto wawili wanacheza kwenye makapi. Nilimweleza nimesimama, sikuthubutu kukaa. Paa, kioo, makande, macho, hofu ya Baba, yote. Ungo ulisimama mikononi mwake. Hakunitukana, na afadhali angenitukana.

"Kwa hiyo miaka yote hii," alisema, "nampa Baba shikamoo ya mlangoni."

"Ndiyo."

"Na yeye anaitikia."

"Ndiyo, Paulina."

Akaweka ungo chini. Akaingia ndani, akatoka na kitenge na viatu mkononi, akamwambia jirani aangalie watoto. Akashika njia ya kwenda Bashay, anatembea haraka, karibu kukimbia. Mimi hakuniaga, na sikumfuata. Niliokota ungo nikamalizia kupepeta mahindi yake.